Ndoo Yangu ya Sarafu

"Sarafu hazifungui duka, shemeji," kaka wa mke wangu alinicheka niliporudi Tunduma na stashahada ya biashara na ndoo ya sarafu nilizoweka miaka mingi. Hata hivyo alinikopesha mtaji, na jamaa wengine pia, nikafungua duka. Ni kweli, ndani ya ndoo sarafu zile hazikuzaa hata shilingi. Lakini maduka mengine yote ya mtaani, kwa kukosa sarafu, yalirudisha chenji kwa pipi, na mimi peke yangu, kwa akili yangu, nilirudisha sarafu. Wateja wakahamia kwangu, hata madereva wa malori.

Siku niliyomaliza kuwalipa wote walionikopesha, shemeji alikuwa wa mwisho. Nilimkabidhi noti zake, nikaongeza pipi moja.

"Ya nini hii?"

"Chenji yako, shemeji."

Aliimenya huku akicheka.