Salamu Nilizoziweka Kwenye Fifi

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipokaa juu ya magunia ndani ya ghala la pamba la chama cha ushirika pale Nkoma, nikisubiri kupigiwa makofi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa imeisha dakika ileile, kwenye televisheni ndogo iliyoendeshwa kwa betri ya gari, na ghala zima lilikuwa kimya. Nikadhani wamelemewa na uzuri. Ujana una mambo!

Ngoja nirudi nyuma kidogo usije ukapotea. Wakati ule nilikuwa napiga video za harusi mjini Bariadi. Nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu kwa ajili ya kamera, na mama yangu kule Mkula akaapa nisikanyage kwake mpaka nirudi darasani. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika hatujaonana. Nami kwa kiburi nikasema nitarudi kwake na filamu, si na chaki.

Basi nikaanza kumpiga picha Bibi Holo, mjane wa Nkoma aliyelima pamba peke yake, na ambaye wanaume wazima walikuja kumuuliza siku ya kupanda. Msimu mzima wa kuchuma nilikuwa shambani kwake, sina bosi wala mfadhili, nina kamera yangu na baiskeli ya kuazima. Tamasha moja la filamu Dar es Salaam likaikubali kazi yangu. Lakini nilikuwa nimemwahidi Bibi Holo kwamba ataiona yeye kwanza, na asipoiridhia haitoki. Zilibaki wiki mbili tamasha lianze.

Ndipo Bibi Holo akainuka pale ghalani.

"Mayu," akaniita, jina la heshima ambalo sisi Wasukuma humwitia mwanamke hata akiwa mdogo. "Hao watu wa kwenye televisheni yako ni wa kabila gani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nisijue ninachochekea.

"Ni wewe, bibi. Wewe na majirani zako."

"Si mimi. Mimi mtu akifika kwangu namsalimu. Huyo wako anakutwa shambani, anaanza tu pamba, pamba. Umetuchambua, mjukuu wangu, ukaziweka salamu zetu kwenye fifi. Haitoki hiyo."

Fifi ni ile pamba chafu inayotengwa pembeni ili isiharibu nyeupe. Neno lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Kila asubuhi tulisalimiana mimi na yeye mpaka jua linapanda: mwangaluka, mwangaluka, umelalaje, umepita njia ipi, ng'ombe wa kwenu, mvua ya kwenu. Wapiga video wa mjini walikuwa wamenifundisha kwamba mtazamaji hana subira. Kwa hiyo salamu zote nilizikata, tena kwa kuwa kanda zilikuwa chache, nikarekodi juu yake. Zikafutika, hata ukizitafuta kwa tochi.

Nikamwomba tukutane kesho yake tusalimiane mbele ya kamera, tumalize kazi.

"Salamu haiigizwi," akasema. Kisha akanisogelea, akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Kila siku nilikuuliza, mama yako mhola? Kila siku ukajibu mhola, upesi upesi, umesimama na lile dude begani. Mtu mwenye mama hajibu hivyo. Nenda kamsalimu huyo kwanza."

Mhola ni uzima na amani, mwanangu, na mimi sikuwa na amani na mama yangu. Nilikuwa nadanganya. Nikijipima sasa nikiwa mtu mzima, naona sikuzifuta zile salamu kwa uchache wa kanda tu. Sikutaka kujisikia nikidanganya. Mficha uchi hazai.

Nilipanda basi la Lamadi kesho yake kwenda kwa mama, nikiwa nimenuna. Tulipofika Dutwa niliteremka na begi langu, nikasimama barabarani nikitafuta gari la kunirudisha Bariadi. Kondakta akaniuliza, "Dada, unaenda au huendi?" Nikapanda tena.

Mama alikuwa uani anageuza mpunga juani. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Mwangaluka, mayu."

Akaugeuza mpunga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nahesabu.

"Mwangaluka," akaitikia. "Umekula?"

Nilimweleza ya Bibi Holo. Hakuisifu kamera yangu, wala hakunisamehe kwa maneno. Ila wakati wa kuondoka alinifungia michembe, viazi vile vilivyokaushwa, akasema, "Mpelekee huyo aliyekutuma."

Nilipofika kwa Bibi Holo nikapata shida nyingine. Binti wa Kisukuma humsalimu mkubwa akiwa amepiga magoti, na kamera begani hairuhusu. Basi nikaitua juu ya gunia, kimo cha magoti yangu, nikaiwasha, nikapiga magoti kando yake. Tukasalimiana. Alipofika kwenye mama yangu sikujibu tena upesi upesi. "Mhola, bibi. Sasa ni mhola." Akaipokea ile michembe kwa mikono miwili, akacheka, na machozi yakamtoka.

Filamu ikaanza na salamu ile, dakika tatu nzima, na Bibi Holo akairidhia itoke. Dar es Salaam kuna waliosema ni ndefu. Wasemao na waseme. Tulipoirudia ghalani Nkoma, mama yangu alikaa mbele, bega kwa bega na Bibi Holo, na mara hii makofi niliyapata.

Wewe una simu mfukoni inayopiga picha nzuri kuliko kamera yangu ile. Nakuona unavyofika kwenye mji wa watu unarekodi kabla hujavuka ua. Mwanangu, msalimu mtu kwanza, uitikie kwa kweli anapokuuliza habari za kwenu, ndipo uwashe chombo chako. Na kama kuna mlango unaoupita kwa kiburi, kaugonge leo, aliyemo angali ana nguvu za kugeuza mpunga.

Mungu akupe macho ya kuona na magoti mepesi kukunja. Uende mhola, urudi mhola, na utakaowapiga picha wakuite mtoto wao.