Mume Wangu Ametokea Mara Mbili Kwenye Picha ya Harambee

Sasa hivi mtoto wangu amesimama mbele ya picha ndefu iliyoegemezwa ukutani, akaweka kidole upande wa kushoto na kusema, "Baba." Nikamwambia ndiyo, huyo ni baba. Akatembeza kidole juu ya vichwa vya watu wote mpaka mwisho wa kulia, akasema tena, "Baba." Akanigeukia ili tucheke pamoja. Nilishindwa.

Mhariri, nakuomba ufiche jina langu, maana hapa Keumbu gazeti moja husomwa na soko zima. Mimi ni mama wa miaka ishirini na miwili, shule niliachia darasa la nne, nina huyu msichana mmoja. Mume wangu ni fundi wa cherehani. Halewi, hanipigi, na jioni humbeba mtoto begani mbele ya wanaume wenzake bila kuona haya. Angekuwa mtu mbaya nisingewaandikia.

Tulienda harambee ya zahanati huko Nyamache, karibu na nyumbani nilikozaliwa. Hotuba zilipokwisha, mpiga picha aliyetoka Kisumu akatupanga watu wote kama nusu ya mwezi, na yeye akakaa katikati na kamera yake ya miguu mitatu. Kamera hiyo haipigi mara moja. Inageuka polepole, kama mtu anayesindikiza gari kwa macho, inaanza kushoto mpaka imalize wote. Alituonya mtu asitingishike kabla haijampita.

Sisi tulikuwa wa kwanza kabisa, upande wa kushoto. Ilipotupita tu mtoto akaanza kulia. Nikasema bila kugeuka, "Hebu mshike kidogo." Mtoto hakupokewa. Nikasema tena. Nilipogeuka, hayupo. Nikadhani ameenda kujisaidia.

Picha ilipokuja ilitundikwa kwanza kwenye hoteli ya chai pale sokoni, na watu wakajaa kujitafuta. Mzee mmoja alikasirika kwamba amepigwa akipiga miayo, akataka irudishwe Kisumu. Wanawake walitafuta nguo zao kabla ya nyuso. Mimi nilijiona haraka, nikafurahi sana, sijawahi kupigwa picha na mume wangu. Ndipo rafiki yake mmoja akapaza sauti, "Fundi, mmoja wenu anishonee suruali leo, mwingine anishonee koti." Hoteli yote ikacheka. Nikatazama wanapoonyesha, mwisho wa kulia, nikamwona mume wangu mara ya pili. Alikuwa amekimbia nyuma ya watu akaiwahi kamera. Na kando yake ni Teresia, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye yeye na mume wangu walikuwa wakiongea habari za kuoana kabla hajanioa. Mkono wake uko begani kwa Teresia.

Jirani yangu akaniambia polepole, "Mwenzangu, una bahati ya waume wawili. Ila huyo wa pili ameshachukuliwa."

Jamani, ningemsamehe mkono. Uso ndio unaniuma. Kwangu amesimama kama mtu anayengojea kudungwa sindano. Kule anacheka mpaka pengo lake linaonekana, na mimi pengo hilo nilidhani hulionyesha nyumbani tu.

Nilimuuliza. Akasema ni mchezo, alitaka kuona kama mashine itadanganyika, na pale mwisho palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Na mkono?"

"Nilikuwa nahema, nikajishikilia."

"Watu wote hao, ukajishikilia hapo?"

Akakanyaga cherehani, na haikuwa na uzi.

Shahidi yuko mmoja tu. Upande wa pili wa Teresia alikuwa amesimama mama yangu mzazi. Ninyi wa mbali jueni kwamba kwetu mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana sana. Hawakaribiani, wakikutana njiani mmoja hupisha. Mume wangu kwa haraka yake hakutazama, na mkono ule ukapita bega la Teresia karibu umguse mama. Kwa hiyo kwenye picha, picha pekee ya mama yangu duniani, mama amejifunika uso wote kwa leso yake ya kujitanda.

Nilimfuata Nyamache. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamuuliza aliona nini.

"Nilisikia mtu anahema. Kuona ni bwana wako, nikajifunika. Ulitaka nimkodolee macho?"

"Hata maneno hukusikia?"

Akamenya ndizi nyingine nzima kabla ya kunijibu. "Leso ile ni nzito, mwanangu."

Sasa mume wangu ameinunua picha, anataka itundikwe juu ya meza yetu ya kulia chakula. Mkasi wake mkubwa uko hapa karibu nami. Ningekata kipande kile leo, lakini nitakuwa nimemkata mama. Nikiiacha, kila nikipakua chakula nitaliona pengo lile.

Jumapili ijayo kuna harambee nyingine, hapa hapa Keumbu, na mpiga picha ni yule yule. Teresia atakuja. Mume wangu ameapa kwamba safari hii hatasogea. Mimi nampenda na nataka kumwamini. Ninyi mliokaa katika ndoa miaka mingi, nisaidieni mawazo. Nisimame naye kushoto kama kawaida, nimshike koti? Au nimwache huko, niende mwenyewe mwisho wa kulia na mtoto mgongoni, nikae kwenye nafasi ile ya mtu mmoja, ili akija mbio anacheka anikute mimi? Na kama nitamngoja pale na asije, nitajuaje kama ni kiapo amekishika, au ni kwa sababu aliyesimama pale ni

Samahani, ananiita. Ameshika nyundo, anataka nimsaidie kuinyoosha picha ukutani. Anasema yeye atashika huku kushoto, mimi nishike ule mwisho wa