Maiti Aliyefumbua Jicho

Milcah Nasimiyu aliletwa Nakuru mwaka wa hamsini na mbili, bibi arusi wa Nyongesa, mchochea moto wa garimoshi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kukubaliana. Yeye aliambiwa tu afunge mizigo. Hakuonewa. Nyongesa hakumpiga wala hakulewa. Lakini alikuwa mtu wa maneno machache: anarudi landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mweusi kwa makaa, anaoga, anakula, analala. Milcah akajiambia kwamba mapenzi ni kitu walichojaliwa wengine.

Walipokuwa na miaka mitano ya ndoa, Owuor, karani wa stesheni, aliandaa mchezo wa kuchekesha katika ukumbi wa wafanyakazi. Tajiri mzee anajifanya amekufa ili ajue kama mkewe kijana anampenda yeye au mali yake. Mke, akidhani mume kafa kweli, anaangua kicheko na kucheza. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mume landhini aliyekubali mkewe awe mke wa mwingine, hata kwa mchezo. Ndipo Owuor akawaomba Nyongesa na Milcah waigize pamoja.

"Kazi yangu ni kulala tu?" Nyongesa aliuliza.

"Kulala tu, bwana."

"Hiyo naiweza."

Katika mazoezi Milcah alicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Nyongesa alijilaza kwenye benchi na nguo zake za kazi, na hapakuwa na la kutisha.

Jumamosi alasiri, siku ya mchezo, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Owuor alikuwa ameazima shuka jeupe. Milcah aliingia jukwaani mbio, kama alivyofundishwa, akakuta mtu amefunikwa gubigubi, miguu tu ikiwa nje. Mguu wa kushoto ulikuwa na kovu la kaa la moto. Alilijua kovu hilo. Nyongesa alipoungua, Milcah alikuwa na mimba ya mtoto wao Wafula, naye Nyongesa, kidonda kikiwa bado kibichi, alichechemea kila asubuhi hadi bombani kumtekea maji. Milcah hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

Hakucheka. Akapiga magoti, akaishika ile miguu.

"Baba Wafula! Usiniache, Baba Wafula!"

Machozi yalikuwa ya kweli, na watu wakayajua. Shuka likasogea, jicho moja likachungulia.

"Mama Wafula," maiti akanong'ona, "hapa unatakiwa ucheke."

"Siwezi!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Owuor, nyuma ya pazia, alijishika kichwa. Mchezo wake ulikuwa umevunjika, na makofi hayakwisha.

Walipovuka reli wakirudi nyumbani, Nyongesa aliuliza:

"Ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuona umekufa."

"Si ulijua ni mchezo?"

"Nilijua. Lakini lile la kucheka ndilo lililokuwa uongo." Akaongeza: "Yale maji ya bombani, sikukushukuru. Asante."

Nyongesa alitazama chini kama kijana aliyesifiwa mbele ya watu. "Ulikuwa mzito," alisema. "Ningekuacha ubebe ndoo?"

Kwa miaka mingi landhini waliitana Maiti na Mjane, wakichekeana. Na Jumapili kanisani, wengine walipoomba mvua na kazi, Milcah alishukuru tu, kwamba alilia mapema, mumewe akiwa bado hai wa kumsikia.