Mkate Ndani ya Tangi la Mama

Konokono aliyefia majini ana harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Juzi niliinamia tangi langu la samaki hapa Mutakura, harufu ile ikanipanda puani, na papo hapo nikawa tena mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Nyakabiga.

Tangi lile la kwanza lilikuwa la mama. Lilikaa juu ya kabati la vyombo, na ndani mlikuwa na samaki watatu wadogo wa manjano. Alipolazwa hospitali aliniachia mimi kazi ya kuwatunza. Kioo kilipoanza kuota ukijani, nilikimbilia mtaa wa jirani wa Jabe, kwa Mzee Hamadi, fundi vioo aliyelitengeneza tangi hilo, ambaye naye alifuga samaki. Alinifundisha kuchagua konokono wa kusafisha: umnuse kwanza, kwani aliyekufa hunuka, kisha umguse, akijikunja haraka, huyo ni mzima.

"Chukua mbili tu, mutoto wangu. Na chakula, upatie samaki kidogo. Ikibaki, hizi konokono zitazaa mpaka utalia."

Nilimsikia vizuri. Lakini bibi alikuwa ameniambia kwamba anayelisha kiumbe mwenye njaa ametoa sadaka, na sadaka humsaidia mgonjwa. Mimi ningetoa sadaka gani, nisiye na hata peremende ya kugawa? Basi kila baada ya swala, mara tano kwa siku, nilifikicha mkate, nikautupa majini na kutaja jina la mama. Kama sadaka ingepimwa kwa matumbo ya samaki, mama angetoka hospitali akikimbia.

Haikuchukua muda, konokono wakajaa kila mahali, wadogo kama punje za mtama. Maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Samaki wakapanda juu, wakawa wanahema midomo wazi. Nilijua, jinsi mtoto anavyojua mambo, kwamba hawa wakifa mama harudi. Lawama zote nikawatupia konokono. Niliwabandua kwa kucha, mmoja mmoja, nikawamwaga mtaroni huku nalia, kisha nikarudi mbio kutazama kama samaki wamepata nafuu. Asubuhi ya pili yake wote watatu walikuwa wameelea.

Mama alifariki Ijumaa ya wiki ile ile. Wanawake walijaa uani, wakanikumbatia na kunifuta machozi, nami sikuthubutu kuwaambia kwamba ni mimi niliyemuua. Niliishi na hofu hiyo mpaka nikawa mtu mzima.

Nilipoanza kufuga samaki wangu ndipo nilipoelewa. Konokono walizaana kwa sababu mkate ulikuwa mwingi, na ni wao peke yao waliokuwa wakiula ule uliobaki. Nilipowatoa, mabaki yote yakaoza. Nililijua hilo, lakini moyo haukutulia.

Juzi hiyo hiyo baba alikuja kunitembelea, harufu ikiwa bado puani mwangu, nikamsimulia yote kwa mara ya kwanza. Alivua kofia yake, akawa anaikunja na kuikunjua.

"Apana, mwanangu. Haikuwa we peke yako," alisema. "Na mi, kila nikitoka musikitini, nilikuwa natupa mukate mule ndani."

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili tu, na humo kila mmoja wetu alimwombea mama akijificha mwenzake asimwone.