Ndevu Nilizozing'oa Shambani kwa Mama Mkwe

Mpaka leo nikiona watu wamezunguka moto wa mahindi ya kuchoma natafuta pa kuficha uso, na afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko mje kusikia kwa mawifi zangu, maana wao huongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, nimeolewa Nyarubungo sijafikisha hata mwaka, na kanisani nikakabidhiwa watoto wa kuigiza Krismasi. Yosefu alihitaji ndevu. Pamba hatukuwa nayo, nikatazama shamba la mama mkwe nyuma ya nyumba, mahindi ndiyo kwanza yametoa ndevu, nyeupe, laini kama hariri, nikang'oa chache (zilizokauka sikuzitaka, ni za kahawia, na mimi nilitaka mvi). Kumbe zikitoka shambani zinanyauka kabla ya jioni, kwa hiyo kila siku ya mazoezi nikang'oa nyingine, halafu wachungaji nao wakataka, na mamajusi, na siku yenyewe watu walivyosifia, nikavimba kichwa.

Mahindi yalipofika ya kuchoma, mama mkwe akaalika wazee wa kanisa pamoja na shangazi wa mume wangu, Konsolata, aliyekuwa mwalimu wa sayansi Burundi kabla ya kukimbilia kambini Ngara. Nikatumwa kuvuna. Nikaleta manene, nikamenya la kwanza mbele ya wageni: gunzi tupu. La pili lina punje tatu, limekaa kama mdomo wa kibogoyo. La tatu, tupu.

"Hili shamba limechezewa," akasema mzee mmoja, na mama mkwe akamtaja jirani waliyegombana naye kuhusu mpaka. Niliona wazee wengine wanaitikia kwa vichwa, nikajua nikinyamaza jirani yule ataitwa mchawi.

"Mama, si jirani," nikasema. "Ni mimi. Ndevu za Yosefu zilitoka humu."

Shangazi akachukua hindi moja lililosalimika, akafungua maganda polepole, akatuonyesha: kila uzi umeanzia kwenye punje yake, mmoja kwa mmoja.

"Huu uzi ndio mlango," akasema. "Unanata. Vumbi la mbelewele, yale maua ya juu ya mhindi, likidondoka hapa, linanaswa, linachipua, linajitengenezea njia ndani ya uzi mpaka chini kabisa, ndipo punje inatungwa. Ukikauka, ujue umemaliza kazi. Wewe, mke wetu, uling'oa nyuzi zilizokuwa bado zinangoja."

Aibu nilikuwa nayo, lakini nikajikuta nimeinama kutazama, uzi mwembamba vile kubeba kazi kubwa vile.

Mama mkwe akashusha pumzi. "Basi mwaka huu tumevuna Krismasi," akasema, na wazee wakacheka mpaka machozi. Shangazi alirudi kambini na mahindi ya shamba la bondeni, ambako sikuwa nimefika.

Msimu uliofuata, asubuhi moja, mama mkwe aliniita shambani. Upepo ulikuwa unatikisa mahindi na vumbi la njano linashukia zile nyuzi mbichi. Tukasimama tu tukitazama, na mimi mikono nimeifunga nyuma mwenyewe, bila kuambiwa.