Mnyama wa Kaure wa Bibi Zuwena

Enzi zetu pale Ibra, Omani, mtoto hakufungua kabati akajilia biskuti. Ulisubiri Bibi amalize sala ya alasiri, akunje msala, ndipo aufunue mtungi. Tulikaa chini ukumbini, mikono tumeshaosha, na harufu ya iliki ikitufikia kabla ya kileja chenyewe. Unga wa mchele ulituganda midomoni. Ukicheka tu, unakumwagikia nguoni.

Bibi yangu, Zuwena, alikuwa mtu wa Unguja, na akipenda mno mitungi ya kaure ya kuwekea biskuti, ile yenye maumbo. Alikuwa na kuku aliyeatamia, nyanya tungule kubwa yenye kikonyo cha kijani, na kijumba ambacho paa lake ndilo mfuniko. Mgeni yeyote akihama mjini, Bibi akenda kumuaga, na akirudi na kitu kwapani. Babu akimwachia. Yeye alizaliwa Bujumbura, akakulia dukani kwa baba yake, na mambo ya vyombo hayakumshughulisha.

Mpaka siku Bibi aliporudi kutoka kwa mke wa mhandisi Mzungu, amebeba mnyama mnene wa rangi ya waridi, kakaa kitako, kichwa chake ndicho mfuniko.

Babu aliteremsha miwani. "Zuwena, huyu nguruwe."

"Astaghfirullah! Kiboko huyu."

"Kiboko umemwona wapi wewe, Unguja?"

"Na wewe nguruwe umemwona wapi?"

Babu akasema viboko kawaona ziwani tangu mdogo, na hakuna hata mmoja mwenye pua kama kifungo cha koti. Akataka mtungi utoke nyumbani. Bibi hakubishana. Aliujaza vileja, akauweka juu ya kabati, na tangu hapo akaacha kusema naye. Kahawa Babu aliipata, chakula alikipata, neno hakulipata. Tukawa sisi watoto ndio wajumbe: "Babu, Bibi kasema wali tayari." Mama akituonya kila siku, "Mambo ya wazee msiyaingilie," huku naye akituma salamu kwa njia hiyo hiyo.

Wakaendelea hivyo mpaka Ijumaa moja, baada ya sala, alipokuja jirani yetu Sheikh Khalfan, mtu mzito, aliyekuwa akisomesha Kurani msikitini. Mama alikuwa mbioni jikoni, akaniambia nipeleke majlisi, chumba cha wageni, mtungi wowote wenye vileja. Wenye vileja ulikuwa mmoja tu.

Sheikh alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Nini hii, ewe Said?" akamuuliza Babu.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani nilisikia bangili za Bibi, halafu zikanyamaza. Babu aliutazama mtungi. Angeweza kuumaliza ule ugomvi pale pale, mbele ya shahidi ambaye hakuna wa kumpinga.

"Kiboko," akasema. "Wa ziwani. Sisi tuliokulia Burundi tunawajua. Tafadhal, sheikh."

Sheikh akala, akavisifu vileja, akala tena.

Magharibi ile Bibi alimpelekea Babu kahawa mwenyewe, akakaa karibu yake. "Anza na tende," akamwambia. Hatukusikia zaidi, Mama alitufukuza.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mitungi niliachiwa mimi, nami, kwa miaka niliyosomesha Nizwa, nikazidi kuikusanya. Karibuni alikuja kijana muuza vitu vya kale. Aliigeuza mmoja mmoja kutazama muhuri wa kiwanda, akaigonga kwa ukucha kusikiliza kama ina ufa, akahakikisha mifuniko ni ya asili. Kuku na tungule akaviona vya kawaida. Ule wa waridi aliushika muda mrefu.

"Nguruwe huyu adimu, khala," akasema, akiniita mama mdogo kwa heshima. "Huku watu wengi waliwavunja."

Nikamwambia hauuzwi.

Siku hizi wajukuu wa dada yangu huja Ijumaa. Mkubwa wao, Raya, aliniuliza juzi, "Bibi, mitungi hizi zote za nini?" Nikamsahihisha, akacheka, akaipiga picha. Nilimfunulia kuku, vileja nimevioka asubuhi ile. Alichukua kimoja, akauliza kina sukari kiasi gani, akakimega kidogo, kilichobaki akakiweka mezani. Wao biskuti zao ni za pakiti, kila mmoja na yake, anakula chumbani mlango umefungwa na simu mkononi. Sisi tulikula tumezungukana, na aliyepewa kilichovunjika, nyumba nzima ilijua. Siwalaumu. Hawawezi kutamani kitu wasichokijua.

Walipoondoka niliufunika mtungi, nikapangusa meza, na kile kileja cha Raya nikakila nimesimama.