Kitamili cha Jikoni kwa Mwalimu

Likizo hii nimepita nyumba za walimu pale Matinyani, na acha nikuambie, rafiki yangu, dirisha la lile jiko limepigiliwa bati. Nikasimama hapo kama punda aliyesahau njia. Ni katika jiko hilo dada yangu mdogo alinishinda.

Lilikuwa jiko la mwalimu wetu wa hesabu, aliyetoka Jafna, kule Sri Lanka. Mimi na dada tulikuwa tukimpelekea mke wake maji ya kisima kwa punda. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyepigwa mateke na huyo punda, lakini aliyeitwa ndani ni dada! Alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, ndengu zikitokota na pilipili kavu, huku Mama Mwalimu akimfundisha Kitamili cha kwao. Si cha Madras, kule India, alisema. Cha Jafna kina mwendo wake, na "ndiyo" yao ni "om". Wa Madras huwacheka, vile watu wa Machakos wanatucheka sisi wa Kitui tukifungua mdomo.

Mimi nililetewa ndengu zangu nje, nikala na punda. Niliona wivu. Dada naye akawa anajibu "om" kila mahali, hata kanisani, pasta akadhani ni upako.

Basi siku moja kisimani nikajifunga leso kama sari, nikaanza kuiga sauti ya Mama Mwalimu, inavyopanda na kushuka. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini.

"Rudia, wewe! Rudia!"

Nikarudia. Kugeuka, Mama Mwalimu yuko nyuma yangu. Alikuwa amekuja kuuliza maji yake yamechelewa wapi.

Hakunigombeza. "Madras pia walicheka hivyo hivyo," akasema, akashika kamba ya punda, akaenda.

Tangu siku hiyo alituongelesha Kiswahili tu, hata dada. Dada alininunia wiki mbili. Muhula ulipoisha, wakarudi kwao.

Sasa jiko ni stoo ya mahindi. Niko kidato cha tatu, na nitakuigia mwalimu yeyote unayetaka, bure. Lakini jana mama, akiwa shambani, alimwita dada, naye bila kufikiri akajibu, "Om!"

Nikangoja dada atoke kumfuata mama, nikalijaribu hilo neno peke yangu, polepole. Likatoka mzaha. Nikajaribu tena. Mzaha tu.